Kuitwa Siyo Kupokelewa

Tunawaandikia juu ya jambo lililotupata nyumbani kwetu, nalo linahusu mpira na shule. Wengi wenu mna ndugu waliohamishiwa Marekani kutoka kambi za wakimbizi, na mnapokea picha zao wakiwa wamevaa jezi za shule. Huenda nanyi mmewahi kusema, kama tulivyosema sisi: huyu amekwisha kufaulu, mguu wake utatulisha sote.

Mtoto tunayemzungumzia ni wa kaka yetu mkubwa, marehemu. Alizaliwa katika kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, Tanzania, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya watu wetu waliokimbia vita. Huko alisoma kwa Kifaransa, kwa programu ya Kongo, hadi mwaka wa kwanza wa humanités. Kisha yeye na mama yake wakapelekwa Louisville, katika jimbo la Kentucky. Sekondari ya Marekani ina miaka minne, kutoka darasa la 9 hadi la 12. Yeye akawekwa katika la 10. Kiingereza hakukijua, lakini mpira hauhitaji mkalimani. Kabla ya mwaka kwisha alikuwa mshambuliaji wa timu ya shule.

Ndipo ikafika barua ya chuo kikuu kimoja. Ilimtaja kwa jina, ikasifu kipaji chake, ikamwalika kwenye mazoezi ya siku mbili mbele ya walimu wa timu. Hapa Uvira tulisomewa barua hiyo kwa simu, na bibi akapiga vigelegele. Sisi, tuliosomea ualimu na kushika chaki karibu miaka thelathini, tulikuwa wa kwanza kuwatangazia majirani ya kwamba mtoto ameitwa na chuo kikuu. Hakuna aliyejali mstari wa mwisho, uliotaja kiasi cha kulipa.

Shemeji yetu hufanya kazi ya usiku, ya kupanga vifurushi ghalani. Alitoa akiba yake yote, akalipa ada, basi na malazi. Walipofika walikuta vijana zaidi ya mia moja, na kila mmoja ameshika barua kama ile. Mtoto alicheza siku mbili. Hakuna mwalimu wa timu aliyemwuliza jina lake.

Aliporudi shuleni, mshauri wa masomo alimweleza yale ambayo sisi hatukujitaabisha kuyauliza. Michezo ya vyuo vingi huko inaongozwa na shirika liitwalo NCAA, nalo lina madaraja matatu. Walimu wa timu za Daraja la Kwanza hawaruhusiwi kumwandikia mchezaji wa kandanda barua za kumtaka kabla ya tarehe 15 Juni, baada ya darasa la 10. Lakini tangazo la mazoezi ya kulipia laweza kutumwa kwa yeyote, wakati wowote. Barua tuliyoipigia vigelegele ilikuwa tangazo.

Kisha mshauri akasema: «Nionyeshe masomo yako.» Hapo ndipo jeraha lenyewe lilipokuwa. Anayetaka kucheza Daraja la Kwanza au la Pili hana budi kumaliza masomo 16 ya msingi: Kiingereza, hesabu, sayansi, elimu ya jamii na mengine ya namna hiyo. Wastani wake usipungue 2.3 kwa Daraja la Kwanza, au 2.2 kwa la Pili, katika kipimo ambacho juu yake kabisa ni 4. Tena, kwa Daraja la Kwanza, masomo 10 kati ya hayo yawe yamekwisha kabla ya mwaka wa mwisho kuanza. Mtoto wetu alikuwa ametumia saa nyingi katika madarasa ya kuwafundisha wageni Kiingereza. Madarasa hayo yalimfaa sana, ila yale ya mwanzo hayahesabiwi. Alipohesabu, alikuwa nyuma.

Jumapili ile tulimpigia simu kama kawaida, tukamwuliza amefunga mabao mangapi. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: «Baba mdogo, kila Jumapili mnaniuliza mabao. Hamjaniuliza hata siku moja nimesoma nini. Tena wewe ndiwe mwalimu wa ukoo.»

Hatukuwa na jibu. Watoto wa watu wengine tumewasimamia mtihani, tumewasahihishia madaftari kwa mwanga wa taa ya mafuta. Wa kwetu tulimwachia mpira peke yake, kwa sababu tulikwisha kuanza kuhesabu moyoni fedha atakazotutumia. Tulimtwika mzigo, nasi tukauita baraka.

Tukaanza kutengeneza. NCAA hutaka karatasi za kila mwaka tangu darasa la 9, hata za shule ya nchi nyingine, na bulletini ya Nyarugusu haikuwepo Louisville. Tuliandikia mwalimu mwenzetu aliyebaki kambini. Baada ya majuma matano bulletini ikapatikana, imekunjwa mara nne, muhuri bado unasomeka. Ikatumwa, ikatafsiriwa. Simu za Jumapili nazo zikabadilika: tulianza na hesabu, tukapitia sayansi, na mpira ukaja mwisho.

Hata hivyo, muda ulikuwa umetupita. Mwaka wa mwisho ulipoanza alikuwa na masomo manane, si kumi. Katika Daraja la Kwanza asingeruhusiwa kucheza mashindano mwaka wake wa kwanza, na hakuna mwalimu wa timu aliyetaka kumngoja. Yeye akalia, sisi huku tukakosa usingizi.

Lakini njia haikuwa moja. Daraja la Tatu halitoi bursi ya michezo, ila vyuo vyake hutoa msaada kwa mwenye alama nzuri au kwa mwenye uhitaji. Kuna shirika lingine, NAIA, lenye taratibu zake. Tena kuna vyuo vya miaka miwili, ambavyo humaliziwa kwa kuhamia chuo kikuu. Mwalimu wa timu wa chuo kimoja cha namna hiyo alikuja kumtazama, akazungumza na mama yake, akaweka tarakimu kwenye karatasi: minervali ni kiasi hiki, bursi ya mpira italipa sehemu hii, iliyobaki waombe serikali kwa fomu iitwayo FAFSA, kwa kuwa wana ukaazi wa kudumu. Hakusifu kitu. Shemeji alisema hiyo ndiyo barua ya kwanza aliyoielewa.

Msidhani kwamba bursi kamili ni jambo la kila siku. Kwa miaka mingi timu ya wanaume ya Daraja la Kwanza haikuruhusiwa kutoa zaidi ya bursi 9.9, zikigawanywa vipandevipande kwa timu nzima. Tangu mwaka wa masomo 2025–2026, vyuo vilivyokubali utaratibu mpya havina kikomo hicho, ila wachezaji wao hawazidi 28. Ahadi ya mdomo haimfungi mtu. Msaada wa fedha ni ule ulioandikwa.

Basi, mwenye ndugu huko amwulize mambo matatu. Je, masomo yako yanahesabiwa? Je, anayekuita amekutazama ukicheza, au ametaka kwanza ulipe? Je, kiasi atakachotoa, na kile mtakachobakiwa nacho, kimeandikwa wapi? Maswali hayo yanafaa hata hapa Kivu, anapokuja mgeni kuahidi majaribio ya timu ya mbali na kudai fedha mbele.

Leo mtoto wetu yuko mwaka wa pili katika chuo kile. Hucheza, mara nyingine hukaa kwenye benchi. Jumapili iliyopita alitueleza somo la takwimu kwa nusu saa nzima, tukamfuata kwa shida. Mwishoni bibi akachukua simu, akauliza kama amefunga bao. Tulicheka sote, naye akamjibu.