Nani Anaruhusiwa Kubadili Bei?

Nimekuwa kimya kwa majuma kadhaa. Kazi ilinizidi. Kuna biashara moja hapa Kakamega niliyokuwa naiandikia programu ya mauzo na stoo, na kazi yenyewe, iliyoanza kama ya kuandika msimbo, ikageuka kuwa ya kuuliza watu maswali. Leo nataka niyaweke hapa, kwa sababu naona biashara nyingi za huku kwetu zimekwama mahali palepale.

Biashara yenyewe ni agroveti. Inauza mbegu, mbolea, dawa za ng'ombe na chakula cha kuku. Ilianza na mlango mmoja mjini, ikafungua Malava, halafu Mumias, na sasa ilikuwa inajiandaa kufungua Butere. Mwenyewe ni mama wa makamo ambaye kila mtu, pamoja na wauzaji wake, humwita Mama tu, nami nitamwita hivyo. Aliniambia, "Mwanangu, nitengenezee sistimu, halafu unisaidie kutafuta meneja." Mpwa wake aliye Nairobi, mhasibu, alikuwa amemshauri kinyume: tafuta meneja mzuri kwanza, mlipe vizuri, atakuja na sistimu yake kichwani.

Je, kipi kitangulie? Biashara ikishapita ukubwa wa mtu mmoja kuiona yote kwa macho, swali hilo huja lenyewe. Huko Marekani wamelifanya kuwa taaluma. Gino Wickman alitoa kitabu chake Traction mwaka wa 2007, na tangu hapo kampuni ndogo nyingi hudai zina "mfumo endeshi" wa biashara: kila kazi ina jina la mtu mmoja, namba chache zinaangaliwa kila juma, mkutano una siku na saa yake. Sina ugomvi na hayo. Ila sisi tuliosoma sayansi ya kompyuta tukisikia "mfumo endeshi" tunakumbuka kitu kingine, na nadhani kitu hicho ndicho chenye faida zaidi kwa Mama.

Mfumo endeshi wa kompyuta haufanyi kazi unayoitaka wewe. Hauandiki barua wala haupigi hesabu. Unaamua programu gani itumie kichakato sasa na ipi ingoje, nani anaruhusiwa kufungua faili gani, na unaandika kilichotokea ili likitokea tatizo ujue lilianzia wapi. Kati ya hayo, ruhusa ndiyo yenye uzito. Katika Linux kila faili ina mwenyewe, na kuna mtumiaji mmoja, root, asiyezuiwa na ruhusa hizo. Mwalimu yeyote atakuambia usifanye kazi za kila siku ukiwa root. Sasa biashara za kwetu, karibu zote, zinaendeshwa na root. Root ana simu, na simu hiyo hailali.

Nilifika kwenye jedwali la ruhusa siku ya tatu ya kazi. Ni jedwali dogo. Upande mmoja kuna watumiaji: muuzaji, mwenye stoo, meneja, mwenye duka. Upande mwingine kuna vitendo: kuuza, kupokea mali, kupunguza bei, kukopesha, kurudisha mali, kufuta risiti. Kazi yangu ni kuweka ndiyo au hapana katika kila kisanduku. Nikamuuliza Mama: meneja anaruhusiwa kupunguza bei? Akajibu, "Inategemea." Anaruhusiwa kukopesha? "Inategemea ni nani." Mbegu zikirudishwa? "Anipigie kwanza."

"Inategemea" haiingii kwenye jedwali. Kompyuta itakungoja mpaka useme inategemea nini.

Basi tukafanya hivi. Kwa juma moja kila muuzaji aliweka daftari kando ya kaunta na kuandika kila alipompigia Mama: saa, na alichouliza. Maduka matatu, siku sita. Jumla ilikuwa simu 143. Mama mwenyewe hakuamini. Aliyahesabu tena usiku kwa kalamu nyekundu. Simu 58 zilikuwa za mikopo. 41 zilikuwa za kupunguziwa bei. 17 za mali iliyorudishwa. Zilizobaki ni mchanganyiko: umeme umepotea, boda boda wa kupeleka chakula cha kuku hajafika, kuna afisa wa kaunti amekuja kuangalia leseni.

Kwa maoni yangu daftari lile lilikuwa na thamani kuliko programu yote niliyoandika. Lilionyesha kazi ya uongozi katika biashara hii ni nini hasa. Ile kazi ya "kusimamia" na "kutoa mwelekeo", kama matangazo ya kazi yanavyosema, haikuwemo. Ilikuwa maamuzi ya aina tatu, yanayojirudia mara mia na zaidi kwa juma, yote kichwani mwa mtu mmoja. Ukiajiri meneja kabla hujayatoa kichwani, unachoajiri ni mtu wa kupiga simu kwa niaba ya wauzaji. Na ukiajiri yule mwenye sistimu yake kichwani, basi maamuzi yamehama tu kutoka kichwa kimoja hadi kingine, na hicho cha pili kinaweza kupata kazi Eldoret mwezi ujao.

Mikopo ndiyo iliyotuchukua muda. Mama hukopesha kwa kumjua mtu. Anajua huyu ni mwalimu, atalipa mshahara ukiingia. Huyu analima miwa, pesa yake itakuja ikija. Huyu ni wa ukoo fulani, na ukoo huo haulipi, basi. Nikamwambia hiyo ya ukoo siwezi kuiandika. Akacheka, lakini hakuibadili. Aliyetutoa hapo ni muuzaji wa Malava, dada ambaye ameshika kaunta ile kwa miaka sita. Alisema yeye hutazama mambo mawili: je, deni la zamani limeisha, na je, kuna mteja mwingine mwenye rekodi nzuri anayekubali kuandikwa kama mdhamini? Akafungua daftari lake la madeni kutuonyesha. Wale wenye wadhamini walikuwa wamelipa, karibu wote.

Wasomaji wa huku mtatambua wazo hilo mara moja, kwa kuwa wengi wetu tuna mama au shangazi aliye kwenye kikundi cha One Acre Fund, ambao sasa Kenya wanajulikana zaidi kwa jina la Tupande. Shirika hilo lilianzishwa na Andrew Youn pale Bungoma mwaka wa 2006 likiwa na familia 38, na likaja kuweka makao yake hapa Kakamega. Kufikia 2020 lilikuwa linahudumia zaidi ya wakulima milioni moja katika nchi kadhaa. Mkulima hukopeshwa mbegu na mbolea akiwa katika kikundi, na wanakikundi wanabebana kwenye deni. Maamuzi magumu, kama nani anaaminika, yameachiwa watu wanaoishi jirani na mkopaji. Maafisa wa nyanjani nao huajiriwa kutoka maeneo hayohayo, na kazi yao imeandikwa kiasi kwamba aliyeanza leo anajua Jumanne aende wapi na afanye nini.

Lakini kinachonivutia zaidi kama mtu wa programu ni walichokifanya kwenye malipo. Zamani afisa alikusanya pesa taslimu, akaandika risiti, akazipeleka benki. Halafu wakahamia M-Pesa. Utafiti uliochapishwa 2017 na Better Than Cash Alliance ulionyesha kuwa muda wa kukusanya malipo ulipungua kwa asilimia 46, na pesa zilizopotea njiani zilipungua kwa asilimia 85. Hawakuajiri wasimamizi wengi zaidi wa kuwachunga maafisa. Waliondoa pesa mikononi mwa watu. Pale ambapo mfumo unaweza kuzuia jambo, usimwajiri kiongozi wa kulizuia. Mwache afanye kile ambacho mfumo hauwezi, kama kumtembelea mkulima ambaye mahindi yake yamevamiwa na viwavi jeshi.

Hapo Mama alinikatiza. "Na Mumias je? Haikuwa na mfumo?"

Swali zuri, na si rahisi. Kampuni ya Sukari ya Mumias iliundwa 1971, kiwanda kikaanza kusaga 1973, na kwa miaka kama thelathini ikaendeshwa kwa mkataba na Waingereza wa Booker. Mfumo ulikuwepo, tena wa kuonewa wivu. Kila shamba la miwa lilikuwa na namba, tarehe ya kupandwa, na zamu yake ya kuvunwa. Kukhu wangu, aliyesahau majina ya baadhi yetu wajukuu, bado anaitaja namba ya akaunti yake ya miwa bila kukwama. Kampuni iliuza hisa kwa umma 2001, mkataba wa Booker ukaisha 2003, na kwa miaka kadhaa baadaye iliendelea kupata faida. Kisha hasara, madeni, sukari ya nje, miwa kuuzwa kwa viwanda jirani, mpaka Septemba 2019 KCB ikaiweka chini ya meneja mrasimu. Mwishoni mwa 2021 ikakodishwa kwa Sarrai ya Uganda.

Sitajifanya mchumi wa sukari. Nilimjibu Mama hivi: mfumo wa Mumias ulijua kila kitu kuhusu muwa wa mkulima. Ruhusa ndogo zilikuwa zimeandikwa vizuri sana, hata zamu ya trekta. Ruhusa kubwa, za kukopa mabilioni, za kuamua kampuni iingie biashara gani, hizo haziwezi kuandikwa kwenye kadi ya shamba. Hizo ndizo unazomwajiria kiongozi, na ndizo zinazohitaji mtu mwingine wa kumwambia hapana. Mama akanyamaza kidogo, akasema bodi yake ni mume wake, na mume wake hajui bei ya DAP.

Tukaja kwenye usaili. Walikuwa watu wanne. Badala ya maswali ya "jieleze" na "utakuwa wapi baada ya miaka mitano", kila mmoja alipewa kurasa za siku moja kutoka lile daftari la simu, simu 24, na kuambiwa: andika ungejibu nini, na kwa nini. Saa moja. Kijana mmoja mwenye shahada ya uzamili aliandika vizuri mno, insha kabisa, lakini kwa simu 24 alitoa jibu mara sita. Zilizobaki aliandika angeshauriana na wahusika. Wa pili alijibu zote, akamkopesha kila mtu. Wa tatu, jamaa aliyeletwa na mpwa, aliuliza gari la kazi ni la aina gani.

Wa nne alikuwa yule dada wa Malava. Alijibu 22. Kwenye mbili zilizobaki aliandika, "Hii siwezi kujua bila kuona mfuko wa mbegu." Mama alimpa kazi palepale. Dada akasema asante, kisha akasema jambo ambalo sidhani ningeweza kulisema mbele ya mwajiri wangu: "Mama, kwa heshima, nitaichukua kama wewe hutapokea simu za duka. Nikimnyima mtu mkopo halafu akupigie umpe, kesho hakuna atakayenisikiza."

Kulikuwa na ukimya. Nilijishughulisha na tarakilishi yangu.

Mama alikubali mambo mawili kati ya matatu: mikopo na mali iliyorudishwa. Nikaingiza ndiyo kwenye visanduku viwili vya meneja, na hapana kwenye kile cha bei. Na kwa kuwa alisema hatapokea simu, nikaweka hapana hata kwake: mwenye duka anaona kila mkopo kwenye ripoti ya jioni, lakini hawezi kuutoa. Aliniuliza mara mbili kama ni lazima. Nikamwambia si lazima, ni yeye aliyeahidi.

Jaribio lilikuja juma la pili. Shemeji ya Mama alifika duka la mjini akitaka mifuko kumi ya mbolea kwa mkopo, ilhali deni lake la msimu uliopita lilikuwa halijaisha. Programu ilikataa. Meneja alikataa. Akampigia Mama pale kaunta, simu ikiwa kwenye spika ili wote wasikie. Mama alimsalimu, akauliza habari za watoto, akauliza habari za ng'ombe, kisha akasema, "Shemeji, mashine yenyewe hainiruhusu. Zungumza na meneja." Siku hiyo shemeji alilipa nusu ya deni la zamani akachukua mifuko minne. Krismasi hawakualikana, naambiwa.

Butere ilifunguliwa. Tulirudia kuhesabu simu, sasa maduka manne, siku sita: 52. Kati ya hizo 37 ni za bei. Mimi naona bei ingeweza kuandikiwa kanuni kama mikopo. Mama haoni hivyo. Mbolea ya ruzuku ya serikali ilishuka hadi shilingi 2,500 kwa mfuko mwaka wa 2023, na siku hiyo, asema, kanuni yoyote niliyoandika ingemuua. Bei ndipo anaponusa biashara. Pengine ana haki. Kisanduku kile bado kina jina moja.

Nimemuuliza ni nani atabadili bei siku akilazwa hospitalini. Alisema tutaongea mvua zikianza.