Tangu Enzi za Jembe na Nyumba

Kura yangu ya kwanza niliipiga mwaka 1990, katika uchaguzi wa mwisho wa chama kimoja Tanzania. Tangu hapo nimeshuhudia vyama vikizaliwa, vikikua, vikigombana, na vingine vikabaki majina tu kwenye daftari la Msajili. Miaka yote hiyo swali langu ni lilelile: chama kinapokuja kwetu, kinakuja kutusikiliza au kinakuja kutuhesabu vichwa?

Nimekulia kijijini, mkoani Morogoro, katika nyumba ya balozi. Babu alikuwa balozi wa nyumba kumi, kazi isiyo na mshahara. Ugomvi wa mpaka wa shamba, mgeni aliyeingia usiku, mtoto mtoro wa shule, yote yalipitia barazani kwetu. Mtu mwenye dukuduku na chama alijua mlango wa kubisha. Sisemi kwamba enzi hizo zilikuwa pepo. Mwenye mawazo tofauti na chama hakuwa na pa kwenda, na majina ya wagombea yaliamuliwa juu. Lakini hata chini ya chama kimoja kulikuwa na jambo ambalo tulilipoteza baadaye bila kulililia.

Mwaka 1965 TANU, chama tawala wakati huo, iliweka utaratibu ambao vijana nikiwasimulia huona kama hadithi. Karibu kila jimbo lilisimamisha wagombea wawili wa chama hichohicho, mmoja akipewa alama ya jembe, mwingine nyumba, ili asiyejua kusoma naye achague. Hakuna aliyeruhusiwa kuitisha mkutano wake mwenyewe wala kumwaga fedha zake. Chama ndicho kilichoandaa mikutano, na wagombea walisimama jukwaa moja, wakipokezana kuzungumza kwa Kiswahili, wakikatazwa kugusa kabila, rangi au dini ya mtu. Vigogo walianguka. Paul Bomani, aliyekuwa Waziri wa Fedha, alikosa kiti chake mwaka huohuo.

Mimi niliuona utaratibu huo mwaka 1980, nikiwa darasa la tano. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha mwaka uliotangulia, na sukari na sabuni vilipatikana kwa foleni. Mkutano ulifanyika uwanja wa shule. Jembe akazungumza, nyumba akazungumza, wote wakaahidi maji. Akasimama bibi mmoja muuza vitumbua, khanga kaifunga kiunoni, akasema: “Wanangu, bomba lipo, na mtaro tulichimba wenyewe. Limekauka tangu masika. Nani kati yenu amefika akaliona?”

Jembe akajibu, “Mama, mimi sijafika.” Nyumba naye akakiri hajafika. Bibi hakukaa. “Basi twendeni.” Mwenyekiti wa mkutano alitaka kumkatiza, lakini babu akainuka akamwombea, na umati wote ukahamia bombani, watoto mbele, wagombea katikati na viatu vyao vya ngozi. Tulikuta koki imevunjika. Pale ndipo nilipowasikia wagombea wakisema jambo lenye kichwa na miguu. Mmoja aliuliza kwa nini kijiji kisiwe na fundi wake. Wanawake wakadakia kwamba wako tayari kuchangia mfuko wa vipuri, mradi fedha zishikwe na mtu wanayemwamini. Miaka mingi baadaye Sera ya Maji ya mwaka 2002 ilikuja na mpango wa namna hiyo, wa watumia maji kuendesha miradi yao na kuichangia. Sikushangaa. Nilishaliona wazo hilo likizaliwa kutokana na swali la bibi mmoja na watu wawili waliolazimika kulijibu hadharani.

Vyama vingi vilipokuja niliamini tutapata maswali zaidi na majibu bora zaidi. Tume ya Jaji Francis Nyalali ilizunguka nchi mwaka 1991, na ingawa karibu asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee, ilipendekeza milango ifunguliwe. Mwaka 1992 sheria ikabadilishwa. Hoja ya kwamba wachache nao wana haki ya kusikilizwa niliiona ni ya kiungwana, na bado naiona hivyo.

Mwaka 1995 ulikuwa na msisimko ambao sijauona tena. Watu walilisukuma kwa mikono gari la Augustine Mrema wa NCCR-Mageuzi. Kwenye vijiwe vya kahawa watu waliuliza mageuzi yatafanya nini kuhusu pamba, viwanda na ada za shule. Benjamin Mkapa wa CCM alishinda kwa asilimia 61.8, Mrema akapata 27.8. Hizo kura za Mrema zilikuwa amana ya watu waliotaka jambo jipya. Viongozi wa chama chake waliingia kwenye ugomvi wa nani ni nani, na kufikia mwaka 1999 Mrema alikuwa amehamia chama cha TLP. Hakuna aliyerudi kijijini kwetu kueleza kilichotokea.

Kisha fulana na kofia zikachukua nafasi ya maswali. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa, ikaruhusu takrima, yaani mgombea kuwakirimu wapiga kura. Mchele, khanga na chumvi vikaanza kugawiwa mchana kweupe, hadi Mahakama Kuu ilipovitamka vifungu hivyo kuwa kinyume cha Katiba mwaka 2006. Ubaya wa takrima si kilo ya mchele peke yake. Aliyepewa mchele huonekana ameshalipwa, na aliyelipwa haulizi. Wanasiasa wakazoea hadhira isiyouliza, na chama kisichoulizwa huacha kufikiri.

Niliona kinyume chake mwaka 2010. CHADEMA, na Dkt. Willibrod Slaa kama mgombea urais, iliingia kampeni na mambo mawili yanayoeleweka na kila mtu: elimu bure na katiba mpya. Wengi walisema elimu bure haiwezekani. Chama hicho hakikushinda, lakini mawazo yake yalipita. Desemba 31 mwaka huohuo Rais Jakaya Kikwete alitangaza mchakato wa katiba mpya, na Januari 2016, chini ya Rais John Magufuli, ada zikaondolewa hadi kidato cha nne. Jirani yangu aliyekuwa akiuza kuku kila muhula alibaki na kuku wake. Hiyo ndiyo faida ya ushindani wa mawazo: hata chama kikishindwa, mwananchi anashinda.

Lakini mwaka huohuo wa 2010 chini ya nusu ya waliojiandikisha ndio waliopiga kura. Watu wengi walikuwa wameshachoka, na vyama vilihesabu viti vikapita.

Tume ya Jaji Joseph Warioba ilipopita kukusanya maoni ya katiba mpya mwaka 2012, nilienda. Watu walijipanga kuzungumza kama hawajaulizwa kitu maisha yao yote. Mzee mmoja aliuliza kwa nini mbunge akipotea miaka mitano hana wa kumwajibisha. Rasimu ya Tume ilipotoka ilikuwa na kifungu cha wananchi kumwondoa mbunge wao na kingine cha ukomo wa ubunge. Bunge Maalumu la Katiba la mwaka 2014 liliviondoa vyote viwili, wajumbe wengi wa upinzani wakiwa wameshasusa, na kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 haijapigwa hadi leo. Mzee yule alisikilizwa na Tume, akapuuzwa na wanasiasa.

Mwaka 2015 ulinifunza kwamba dharau haina rangi ya bendera. Edward Lowassa alihama CCM baada ya jina lake kukatwa, na CHADEMA, iliyojijenga kwa kumtaja miongoni mwa mafisadi, ikamfanya mgombea wake wa urais. Wanachama waliozunguka vijijini na hoja ya ufisadi waliambiwa wageuze wimbo ndani ya siku chache. Miaka iliyofuata madiwani na wabunge wa upinzani walijiuzulu mmoja baada ya mwingine kwa maelezo kwamba wanaunga mkono juhudi za Rais, kisha baadhi yao wakarudi kwa watu walewale kuomba kura kwa sare nyingine. Aliyewapa kura hakuulizwa. Mikutano ya hadhara ya vyama nayo ilikuwa imezuiwa tangu 2016, na haikuruhusiwa tena hadi Januari 2023.

Ndani ya CCM, kura za maoni ambazo mwaka 2010 na 2015 zilipigwa na wanachama wote zilirudishwa kwa wajumbe mwaka 2020, na hata baadhi ya walioongoza kwa wajumbe walikatwa juu. Mtaani ikabaki kauli ya “wajumbe si watu”. Watu waliicheka, lakini mimi nilisikia uchungu ndani yake. Oktoba 2025 chama kikuu cha upinzani hakikuwamo kwenye karatasi ya kura, na siku ya uchaguzi yakazuka maandamano ya vijana, intaneti ikazimwa, watu wakapoteza maisha. Vijana wale walizaliwa ndani ya vyama vingi. Walipaswa kuwa na vyama vya kupelekea hasira yao na mawazo yao kabla hawajafika barabarani.

Nchini kwetu sheria haimruhusu mtu kugombea bila chama. Chama ndicho mlango pekee wa kugombea ubunge, na ndiyo maana chama kinachomdharau mwananchi kinamfungia nje ya nchi yake mwenyewe. Nimesikia vyama vikitafuta mawazo mapya kwenye semina za hotelini. Mawazo hayako huko. Yapo kwa dereva wa bodaboda anayelipa mkopo wa pikipiki kila jioni, kwa mkulima anayengoja mbolea mvua ikiwa imeshaanza, kwa binti mwenye shahada anayeuza mitumba. Anayewaheshimu atawauliza, na akiwauliza atalazimika kufikiri.

Sidai turudi chama kimoja. Nadai vyama vingi vilivyo na adabu ambayo hata chama kimoja kiliwahi kuwa nayo. Wagombea wa vyama vyote wasimame jukwaa moja katika kila kata, waulizwe na wananchi bila kuchujwa maswali. Kura za maoni zipigwe na wanachama wote, na matokeo yake yaheshimiwe na vikao vya juu. Mwakilishi anayehama chama aanze kwa kurudi kwa waliomchagua kuwaeleza sababu kabla ya kusema na waandishi wa habari. Na ilani isomwe hadharani mara mbili, wakati wa kuomba kura na nusu ya safari, kijiji kikiuliza kipengele kwa kipengele kipi kimefanyika na kipi hakijafanyika. Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji mfadhili. Yanahitaji viongozi wanaoamini kwamba muuza vitumbua anaweza kuwa na wazo ambalo wao hawana.