Utepe wa Fundi Cherehani

Dada yangu alipokuwa na ujauzito wa wiki 36, nilimsindikiza kliniki hapa Bukoto. Mkunga alimlaza chali, akapima kwa utepe kutoka mfupa wa kinena hadi kilele cha mfuko wa uzazi: sentimita 35. Kisha akauzungusha utepe tumboni usawa wa kitovu: sentimita 97. Akazidisha, akaandika gramu 3395. Nilistaajabu. Utepe wenyewe ulikuwa kama ule wa fundi cherehani.

Usiku nilisoma zaidi. Kanuni hiyo ilielezwa na Dare na wenzake nchini Nigeria mwaka 1990. Kabla yao, mwaka 1954, Johnson wa Marekani alikuwa na kanuni yake, inayotumia kimo cha mfuko wa uzazi na kuangalia kichwa cha mtoto kimeshuka kiasi gani. Nilijifunza pia kwamba mtoto anayezaliwa na chini ya gramu 2500 huhesabiwa kuwa na uzito pungufu, na anayefikia 4000 huhesabiwa mkubwa, tena huweza kukwama wakati wa kuzaliwa.

Wiki mbili baadaye nikajiona mtaalamu. Nilichukua utepe wa jirani, nikampima dada akiwa ameketi kwenye kochi na gauni lake. Nikapata 40 mara 104, yaani gramu 4160. Nikatamka kwa sauti: "Dada, huyu mtoto ni mkubwa mno!"

Hakunijibu. Siku ya nne ndipo nilipogundua kwamba anabakiza matoke na mchuzi wa karanga sahanini. Nilipomuuliza, alisema polepole, "Nampunguza, mdogo wangu. Sitaki kupasuliwa." Nilitamani ardhi inimeze.

Asubuhi yake tulirudi kwa mkunga. Nilikiri kila kitu. Hakunigombeza, aliniuliza tu maswali. Je, alikwenda haja ndogo kwanza? Hapana, na kibofu kilichojaa husukuma mfuko wa uzazi juu. Alikuwa amelala? Hapana. Ulipima juu ya nguo? Ndiyo. Mfupa wa kinena uliutafuta kwa vidole? Sikujua hata ulipo. Akampima upya: 36 mara 98, gramu 3528.

"Na hii nayo ni makadirio, mwanangu," alisema. "Mafuta ya tumbo, maji mengi ya uzazi, au mapacha, vyote huvuruga hesabu. Mimi naitumia kujua nani nimtume hospitali kubwa mapema, na nani nimfuatilie kwa karibu. Siitumii kumwambia mama ale au asile." Akamgeukia dada, akamwambia mwili wake unahitaji chakula, na kwamba kujinyima kunaweza kumdhuru yeye na mtoto.

Mtoto alizaliwa bila upasuaji, akiwa na gramu 3400. Mkunga alikosea kwa gramu 128, mimi kwa 760. Lakini kosa langu kubwa halimo katika gramu hizo. Nilijifunza kuzidisha kabla sijajifunza kupima, kisha nikampa mama mjamzito namba bila kukaa naye nimweleze maana yake. Siku nne alilala na hofu niliyomtia, tena akila nusu sahani.

Utepe nilimrudishia jirani. Dada hucheka akisimulia kisa hiki; mimi bado sijaweza.