Utambi wa Kanga

Mwaka 1982 nilikuwa darasa la tatu, nikikaa na bibi Mji Mpya, Morogoro. Ukifungua mlango asubuhi, milima ya Uluguru imeshakuona kabla hujanawa uso, wingu limejitanda juu yake. Bibi alitoka huko juu, Kinole, na kila wiki ndugu zake waliteremka na ndizi na mananasi ya kuuza sokoni.

Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha, ila maduka yalikuwa bado hayajapata habari. Sabuni kwa foleni, sukari kwa foleni, na foleni ya kanga ndiyo iliyokuwa ndefu kuliko zote. Bibi aliwahi alfajiri, akaweka jiwe mahali pake, akarudi nyumbani kuchemsha uji. Jioni akaja na doti moja. Hakuichagua, ulichukua iliyokuwepo. Kipande kimoja akampa dada yake, kimoja akabaki nacho, chekundu chenye maua meusi.

Kanga ile niliisindikiza tangu mwanzo hadi mwisho. Kwanza ilikuwa ya harusini na msibani, ikilala sandukuni siku nyingine zote. Ilipopauka ikashushwa cheo, ikawa ya sokoni, kisha ya jikoni. Mama mdogo alipojifungua ikawa mbeleko. Ilipochanika katikati ikakatwa winda za mtoto, na winda zilipochakaa zikawa matambara ya kuepulia sufuria. Mabaki ya mwisho bibi aliyasokotea pajani, akapata utambi wa kibatari. Usiku nikifanya hesabu za shule, nilikuwa nachoma harusi ya mwaka juzi. Asubuhi nilipenga masizi.

Kibatari chenyewe kilikuwa kopo la maziwa. Nilipeleka makopo mawili kwa fundi bati karibu na soko: moja alitengeneze, la pili liwe ujira wake. Hatukupeana senti.

"Bibi, hili lina kutu, nilitupe?"

"Litupe, mume wangu. Ila kwanza niambie kesho nitapimia nini mchele."

Juni 1, 2019, mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku nchini na watu wakatafuta tena vikapu, nilisikia kijana mmoja akisema wazee wetu walijua kutunza mazingira. Nikacheka peke yangu. Bibi alikuwa na sufuria moja kubwa iliyogongelewa viraka vitatu, na uji ulipochuruzika motoni aliitukana kwa Kiluguru, lugha aliyoitunza kwa ajili ya matusi na sala. Alitaka sufuria mpya, basi. Mazingira aliyaona kila asubuhi pale mlangoni, na hakuyahusisha na makopo yake.

Bajeti ya 1984 iliwaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa, na Mwinyi alipoingia Ikulu Novemba 1985, haikuchukua muda tukaanza kumwita Mzee Ruksa. Mitumba ikafurika sokoni, ndoo za plastiki za kila rangi zikapangwa barabarani. Mjomba akamletea bibi seti nzima ya sufuria, kubwa imemeza ndogo. Alizitandaza mkekani, akazigonga moja moja kwa ukucha kusikia mlio, akazirudisha zilivyokuwa.

Nikadhani sasa makopo yatatoka uani. Nilichukua ile sufuria ya viraka, nikaelekea nayo jalalani; akaniita nikiwa bado sijafika njiani. Sasa hakuna foleni iliyomlazimisha, hata mimi mtoto niliona hivyo. Akaketi kizingitini na kisu na msumari, akang'oa viraka vyote vitatu, akatazama matundu kwa kuyaelekeza juani. Kisha akajaza udongo, akapanda pilipili, akanituma maji. Yakapita chini taratibu, na kwa mara ya kwanza hakuitukana sufuria.