Sauti Niliyoifuta

"Kuna kitu humo ndani unataka kukitunza?"

Fundi aliniuliza swali hilo akiwa ameshika bisibisi, kinanda kimefunguliwa mbele yake. Mimi nikamjibu, "Hapana kaka, we badilisha tu." Nilikuwa na haraka. Saa kumi nilikuwa na semina ya Saikolojia ya Elimu, na foleni ya kutoka Kariakoo mnaijua.

Jibu hilo ndilo limenifanya niandike makala haya.

Kinanda chenyewe ni Yamaha DX7, sintesaiza ya dijitali iliyotoka mwaka 1983, yaani imenizidi umri mbali sana. Kilikuwa cha baba yangu mdogo, mpiga kinanda wa kwaya huko Morogoro. Alikipata kwa mgeni wa parokia aliyekuwa anarudi kwao na hakutaka kusafiri na mzigo wa kilo 14. Baba mdogo alifariki nikiwa kidato cha tatu. Kinanda kikabaki juu ya kabati, kimefunikwa kanga.

Mwaka jana wakati wa likizo, mama mdogo akanishushia. "Wewe si ndiye unasomea ualimu wa fizikia? Kichukue. Kikipona uje unisikilizishe ile njuga."

Njuga ilikuwa sauti aliyoitengeneza baba mdogo mwenyewe. Kiwandani hawakuiweka. Aliitengeneza pale sebuleni, jioni baada ya jioni, mpaka ikafanana na njuga za miguuni mwa wachezaji ngoma aliowaona utotoni. Mimi nilikuwa mdogo, sikuikumbuka vizuri. Mama mdogo aliikumbuka.

Nilipokiwasha hosteli kwa mara ya kwanza, kioo kidogo kikawaka. DX7 haina spika, na spika za masikioni za rumeti wangu zilikuwa na pini ndogo isiyoingia kwenye tundu lake kubwa. Kwa hiyo siku hiyo nilisoma majina tu. Kinanda kinahifadhi sauti 32, kila moja na jina lisilozidi herufi kumi. Namba 17 iliandikwa NJUGA 2. Nikatabasamu, nikakizima. Nikasema nitaisikiliza nikishapata pini, na vile vitufe viwili vilivyokuwa havilii vikishatengenezwa.

Ndiyo maana nikaenda kwa fundi. Alipofungua akapima betri ya ndani, ile ya duara ya volti 3, imechomelewa kabisa kwenye bodi. Mita ikasoma 2.4. Akasema inaelekea kufa, akauliza lile swali, nami nikajibu lile jibu.

Sikujua kwamba betri ile ndiyo iliyokuwa inashikilia kumbukumbu. Ukiing'oa, kila kitu kilichohifadhiwa ndani kinapotea. Fundi alipowasha tena, kioo kilijaa herufi za ajabu ajabu zisizosomeka. Akaniangalia. "Si nilikuuliza?"

Baadaye nilisoma kwamba ningeweza kuzitoa sauti zote 32 kwa waya wa MIDI na kuziweka kwenye laptop. Zote pamoja ni baiti 4,096. Picha moja ya WhatsApp ni kubwa kuliko hizo. Usiku ule sikulala vizuri.

Mama mdogo alipopiga simu kuuliza, nikamwambia bado nakitengeneza. Nilisema hivyo kwa miezi minne.

Kilichobaki kilikuwa daftari. Ndani ya mkoba wa kinanda kulikuwa na kaunta buku la baba mdogo, limejaa orodha za nyimbo za kwaya na michango ya sare. Ukurasa mmoja uliingia maji. Juu yake niliweza kusoma hivi: "NJUGA. Alg 5. Op 2 = 3.50. Op 4 =" na hapo wino umesambaa. Chini kabisa: "6 ipunguzwe, inapiga kelele." Basi.

Sikuelewa hata neno moja. Na hapa naomba wenzangu wa sayansi mnielewe: nilikuwa na A ya somo la mawimbi. Fomula zote kichwani. Lakini mbele ya ukurasa ule nilikuwa sawa na mtu aliyekariri nauli za daladala bila kujua njia.

Nikaanza kusoma. Hadithi inaanzia Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, mwaka 1967. Mtunzi wa muziki aitwaye John Chowning alikuwa anacheza na sauti za kompyuta, akijaribu kuitetemesha sauti moja kwa kutumia nyingine. Mtetemo wa kawaida mnaujua: mwimbaji wa taarabu akishikilia neno, sauti inayumba juu na chini labda mara sita kwa sekunde. Chowning akaongeza kasi ya kuyumba. Ikawa mara ishirini, mara hamsini, mara mia. Ikafika mahali sikio likaacha kusikia kuyumba, likaanza kusikia sauti mpya kabisa, yenye rangi nyingine. Yamaha walichukua leseni ya ugunduzi huo, na baada ya miaka mingi ya kazi ikatoka DX7.

Njia hiyo inaitwa FM, na ni FM ile ile ya redio: kuyumbisha masafa ya wimbi moja kwa wimbi lingine. Redioni wimbi linaloyumbishwa liko juu sana, hulisikii lenyewe. Kwenye kinanda mawimbi yote mawili yako ndani ya uwezo wa sikio.

DX7 ina vyanzo sita vya mawimbi vinavyoitwa opareta. Kila kimoja hapa kinatoa wimbi la sini, lile jepesi la kupanda na kushuka tulilolichora kwenye trigonometria. Likiwa peke yake halina mvuto, linafanana na filimbi ya mtu mchovu. Opareta anayesikika tumwite mbebaji. Anayemyumbisha mwenzake bila yeye kusikika, tumwite myumbishaji. Nani anamyumbisha nani ndiyo huitwa algorithimu, na ziko 32, zimechorwa juu ya kinanda chenyewe. Namba 32 haina myumbishaji juu ya mwenzake, opareta wote sita wanasikika. Namba 5, ile ya baba mdogo, ni jozi tatu: 2 anamyumbisha 1, 4 anamyumbisha 3, na 6 anamyumbisha 5.

Mpaka hapo nilikuwa nimekariri tena. Kuelewa kulikuja siku nilipoacha kusoma nikafuta kila kitu kwa makusudi. Kinanda kina amri ya kuanza sauti upya. Ukiitumia, anabaki opareta 1 peke yake analia, wengine wako kwenye sifuri. Nilikuwa nimeshapata pini. Nikabonyeza A ya katikati, ile ya mizunguko 440 kwa sekunde. Filimbi ya mtu mchovu.

Nikachagua algorithimu ya 5, nikaweka opareta 2 kwenye uwiano wa 1.00, maana yake naye anazunguka mara 440. Nikaanza kupandisha kiwango chake taratibu kutoka sifuri kuelekea 99. Sauti ikaanza kunenepa, ikawa na ukali, ikakaribia tarumbeta. Zilikuwa zinaongezeka sauti za 880, 1320, 1760 na kuendelea. Zote ni 440 mara namba kamili, ndiyo maana sikio linazikubali kama noti moja.

Kisha nikaweka 3.50, namba ya kwenye daftari. Yaani rafiki yangu, nilivua spika za masikioni nikaangalia kama kuna mtu amegonga chuma koridoni. Ilikuwa kengele. Nikachukua karatasi nikapiga hesabu. 440 mara 3.5 ni 1540. Ukijumlisha na 440 unapata 1980. Ukitoa unapata 1100, maana alama ya hasi hapa haibadilishi masafa tunayoyasikia. Gawanya kwa 440: moja ni 4.5, nyingine ni 2.5. Siyo namba kamili. Hazikai pamoja kama noti, zinagombana kidogo, na ugomvi huo ndio mlio wa chuma. Baba mdogo, ambaye aliishia darasa la saba, alikuwa amelijua hilo kwa sikio tu.

Sasa niseme kitu kuhusu sisi. DX7 ilikuwa maarufu sana miaka ya 1980, lakini ilisifika pia kwa ugumu wa kutengeneza sauti. Vinanda vya analojia vya kabla yake vilikuwa na vifundo vingi vya kuzungusha. Hiki kina vibonyezo bapa, kitelezi kimoja cha kubadilisha thamani, na kioo cha mistari miwili ya herufi 16. Unaona kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Matokeo yake wanamuziki wengi walitumia sauti za kiwandani kama zilivyo. Ile piano ya umeme iliyoitwa E. PIANO 1 ilisikika kwenye nyimbo nyingi za mapenzi za miaka hiyo. Kwa lugha ya hapa chuoni, watu walitumia madesa.

Siwacheki. Mimi nimefika mwaka wa tatu kwa madesa. Na nilipokwenda BTP mwaka wa pili, niliwapa wanafunzi wangu wa kidato cha nne madesa yale yale. Niliandika ubaoni kasi ni sawa na masafa mara urefu wa wimbi, wakanakili, nikauliza "Tuko pamoja?", wakajibu "Ndiyooo." Binti mmoja wa nyuma akauliza, "Sir, kwani wimbi linaonekana wapi?" Nikamwambia tutaliona kwenye mada inayofuata. Hakukuwa na mada inayofuata. Sikuwa na jibu, nikatumia haraka kama nilivyofanya kwa fundi.

Leo ningemjibu kwa kuzima vyote. DX7 ina kitu kizuri: ukiwa unahariri, vibonyezo sita vya kwanza vinawasha na kuzima opareta mmoja mmoja, na kioo kinaonyesha 1 kwa aliyewaka, 0 kwa aliyezimwa. Sauti ngumu kiasi gani, unaweza kuzima watano ukasikiliza mmoja, kisha ukamrudisha wa pili ukasikia nini kimebadilika. Walimu wetu wanaita "kutoka rahisi kwenda gumu." Nilishaijibia mtihani sentensi hiyo. Sikuwahi kuisikia.

Baada ya UE nilibeba kinanda hadi Morogoro. Jozi ya kwanza niliiweka kama daftari lilivyosema. Ya pili nilikisia, ya tatu niliipunguza opareta 6 kwa sababu kweli inapiga kelele. Nikaunganisha na spika ya jirani. Mama mdogo akakaa kwenye kiti kile kile cha siku zote, nikapiga.

Akatikisa kichwa. "Siyo yenyewe. Hii inalia kama kengele ya shule. Yake ilikuwa inakatika. Kama mguu umekanyaga chini."

Mama mdogo hajawahi kugusa kinanda. Lakini alichosema ni maelekezo kamili. Kila opareta ana namba nne za kasi na nne za viwango, zinazoamua sauti ipande vipi, ishuke vipi, ife vipi. Zangu zilikuwa zinakufa polepole. Nikapandisha kasi ya kushuka kwa wabebaji, nikapiga. "Bado. Mwanzoni ilikuwa na mchanga." Nikawaacha wayumbishaji waanze juu sana kisha waporomoke mara moja, ili ukali uwe kwenye mguso wa kwanza tu. Nikapiga noti tatu za haraka.

Alinyamaza. Kisha akasema, "Hapo umekaribia."

Nikamweleza kila kitu. Fundi, swali, jibu langu, miezi minne ya uongo. Nilikuwa naangalia vitufe.

"Nilijua," akasema. "Ungekuwa nayo, ungeniletea wiki ile ile. Wewe huwezi kukaa na kitu kizuri ukanyamaza." Akainuka kwenda kuangalia maharage jikoni, akasimama mlangoni. "Ihifadhi basi, isije ikapotea na hii."

Nikaondoa kinga ya kumbukumbu, nikaanza kuandika jina: NJUGA 2. Akaniuliza nimeandika nini, nikamsomea.

"Hapana. Ya pili ilikuwa yake. Andika tatu."

Iko namba 17, inaitwa NJUGA 3. Jioni ile ile nilichomeka waya wa MIDI nikazitoa baiti zote 4,096 kwenye laptop, nikajitumia kwa barua pepe, nikaziweka na kwenye flashi. Mwezi wa saba naenda BTP ya mwisho. Nimeshaongea na mkuu wa shule, ameniruhusu kuingia nacho darasani, mradi nauli ya mzigo nilipe mwenyewe.