Delhi, Msimu wa Mafua

Ukishuka Uwanja wa Ndege wa Indira Gandhi, juu ya madirisha ya uhamiaji unakuta mikono mikubwa imetokeza ukutani, kila mmoja umekunja vidole kwa namna yake. Nilikuwa sijawahi kuvuka mpaka wa Tanzania. Nikaduwaa kuitazama hadi kaka akanigusa bega. "Mdogo wangu, twende, foleni inatuacha."

Ilikuwa Februari 2015. Kaka alikuwa anarudi kliniki. Figo aliyopewa na dada yetu mkubwa aliwekewa hukohuko Delhi, maana hospitali ya Muhimbili kwetu walikuwa bado hawajaanza kupandikiza. Mimi nilikuwa msindikizaji: kubeba mafaili, kupika, kukumbusha dawa. Sembe niliyotoka nayo nyumbani ilipokwisha nikasonga ugali wa unga wa mahindi ya njano, ambao Wahindi wa kaskazini huula sana majira ya baridi. Kaka aliula bila maoni, na kwa mtu anayemjua hiyo ni lawama tosha.

Ambacho hatukukipigia hesabu ni mafua. Msimu huo homa ya mafua ya H1N1 iliivamia India. Rajasthan na Gujarat ziliumia zaidi, na kufikia mwisho wa Machi waliofariki nchi nzima walizidi 2,000. Nyumba ya wageni tuliyofikia ilijaa wagonjwa na ndugu zao, jiko moja, na kikohozi kikahama chumba hadi chumba.

Kaka alianza kukohoa jioni. Homa hakuwa nayo, na hapo ndipo wengi huponzwa: dawa zinazouzuia mwili usiikatae figo hushusha kinga, na kinga ikishuka hata homa huweza isionekane. Kulipokucha alikuwa anahema kwa kupanda ngazi chache tu. Hospitalini wakambana kidoleni kile kifaa cha kupimia oksijeni, wakasoma namba, na maswali yote ya karatasi yakaahirishwa. Akaingizwa chumba cha peke yake, nami nikavalishwa barakoa na gauni.

Daktari, mama wa makamo aliyevaa koti jeupe juu ya sari, hakungoja majibu ya kipimo cha puani. Alianzisha oseltamiviri papo hapo, dozi akiipanga kwa kutazama utendaji wa figo, kwa kuwa dawa hiyo hutoka mwilini kwa njia ya mkojo. Nikamuuliza kwa nini asisimamishe dawa zote za kushusha kinga mpaka mapafu yapone. "Nikisimamisha zote," akasema, "naweza kuokoa mapafu nikapoteza figo." Akasitisha mikofenoleti peke yake, takrolimasi na prednisoloni zikabaki.

Kila asubuhi muuguzi alikuja kutoa damu kabla kaka hajameza takrolimasi, kwa sababu kiwango chake hupimwa dozi mpya ikiwa haijaingia. Kaka ni mtu wa saa. Alikaa kitandani na vidonge kiganjani, mirija minene ya oksijeni ikivuma puani, macho mlangoni. Muuguzi akichelewa, alinuna.

Majibu yakaja: H1N1. Siku 5 za kawaida za oseltamiviri ziliisha, wakaendelea kumpa, maana mwenye kinga iliyoshushwa hukaa na virusi muda mrefu, na virusi hivyo huweza kuwa sugu kwa dawa. Kreatinini, kipimo cha utendaji wa figo, ilipanda, ikatutia hofu, kisha ikashuka. Mashine ya kupumulia hakufikishwa. Naamini kilichomwokoa ni dawa kuanza kabla ya majibu.

Tangu Novemba 2017 Muhimbili hupandikiza figo, na mwaka 2018 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, nayo ikaanza. Waliopandikizwa figo sasa tunaishi nao mitaani. Ukiwa na ndugu wa aina hiyo, akikohoa usisubiri homa: mpeleke siku hiyohiyo na mfuko wa dawa zake zote. Usimnunulie erithromaisini dukani, kwani hupandisha takrolimasi kwenye damu hadi ikaidhuru figo yenyewe. Muulize daktari wake kuhusu chanjo ya mafua ya sindano kila mwaka. Ile ya kupuliza puani ina virusi hai, haimfai. Nawe unayempikia, chanja.