Sauti ya Babu Yako Usiifute

Mpwa wangu mpenzi,

Barua yako nimeisoma kwa makini, hususan pale uliponieleza azma yako ya kuifuta sauti yote ya mkanda wa arusi ya wazazi wako, kwa hoja ya kuwa imefifia na imejaa mvumo, na badala yake kutia nyimbo za taarabu tangu mwanzo hata mwisho. Nia yako ni kuwafurahisha wazazi, Mungu akujazi heri. Lakini azma yenyewe siiafiki.

Katika mkanda ule imo sauti ya marehemu baba yangu, naye ndiye babu yako, akitamka ijabu ya kumwozesha mama yako, na imo sauti ya baba yako, ijapokuwa yatetemeka, akijibu kuwa amekubali. Picha za babu yako zimejaa ukutani. Sauti yake sijui kuwa iko pengine popote. Taarabu waweza kuisikiliza siku yoyote uitakayo.

Basi kabla ya kuishika kompyuta, rejea kwenye mkanda wenyewe. Katika mikanda ya VHS picha huandikwa mshazari, ilhali sauti ya kawaida hukaa ukingoni, katika mstari wa upana wa milimita 1 hivi, na utepe mzima una milimita 12.7, ndiyo maana ukingo ukikunjika, au ukiota koga kwa unyevu wa pwani yetu, sauti hudhurika hata kama picha ingali safi. Tena kichwa kisomacho sauti ndani ya mashine kikiinama kidogo tu, herufi kama s na sh hufifia, na msikilizaji hudhani mkanda umekufa, kumbe ni mashine iliyopotoka. Mtafute fundi akisafishe kichwa hicho na kukisawazisha, ndipo unakili upya. Na nakala hiyo ya kwanza iweke kando, usiiguse abadan.

Mvumo wa umeme hutetema mara 50 kwa sekunde, na wafuasi wake mara 100 na 150. Ukate hapo hapo tu. Ama mchakacho wa utepe, programu kama Audacity huupunguza baada ya kuonyeshwa kipande kisicho na maneno, lakini jihadhari usizidishe, kwani mchakacho huo umechanganyika na zile s na sh, na vigelegele pia, na ukiung'oa wote sauti hutoka kama ya mtu asemaye chini ya maji. Kwangu mimi ni afadhali mchakacho ubaki kidogo, na baba yangu awe ni yeye.

Ikiwa khutba ya nikahi imeharibika kabisa, huenda mmoja wa jamaa aliirekodi kwa kaseti, na sauti hiyo yafaa kuwekwa mahali pake. Chagua mshindo mmoja mkali mwanzoni na mwingine mwishoni, uilinganishe na picha. Ikilingana mwanzo na kuachana mwisho, tatizo ni mwendo wa kaseti, nao ndio wa kurekebishwa. Sauti ikichelewa kidogo jicho husamehe, maana hata fundi wa jahazi ukimtazama kwa mbali waiona nyundo ikishuka kabla ya kusikia mlio wake. Lakini ikitangulia picha, mtazamaji huudhika. Wala usizikubali mashine za siku hizi zinazoiga sauti za watu zikamsemea marehemu. Palipo kimya, pawe kimya.

Nyimbo zako zitie katika nakala ya pili, pale wageni wanapokula biriani na hakuna asemaye neno.

Mkanda usiutume kwa basi ukaungua kwa jua. Njoo nao mwenyewe. Habari ya kaseti nitamwuliza mama yako mkubwa Ijumaa hii, inshallah.

Wasalaam,
Mjomba wako